Mto wa Pamba Begani mwa Masatu

“Kitendawili,” Matrida akamtupia mumewe waliposhuka stendi ya Bunda.

“Tega.”

“Punda wangu hana mguu hata mmoja, ila teke lake linavunja bega.”

Masatu akakuna kichwa. Mawazo yake yalikuwa mbele ya safari.

“Nipe mji!”

“Chukua Musoma.”

“Nimekwenda Musoma, nimekula sato, nimelala Iringo, nimerudi. Si hiyo bunduki unayoikimbilia, baba?”

Kweli, ni bunduki ile. Ililetwa kwa ajili ya viboko wanaotoka ziwani usiku kula mpunga wa watu wa Guta. Risasi yake nene kama kidole gumba, na unaikoki kwa kushusha chuma kilicho chini, pale vidole vinaposhika, kisha unakipandisha, klak-klak, kama mtu anayepiga pampu ya maji. Bunduki moja, wanaoitaka wawili: Masatu, aliyelinda mashamba ya kijiji tangu ana meno yote, na Shija, kijana mwenye mabega kama mlango. Leo wangeijaribu kwenye kiwanja cha shabaha. Mwenye shabaha nzuri angekabidhiwa. Atakayeshindwa akalale kwake.

Mbele za watu Matrida alimwombea mumewe ushindi. Moyoni alitaka ashindwe. Masika yaliyopita kiboko alimkosa Masatu kidogo tu, na tangu hapo kila mzee akienda zamu, mama huyu halali, anasikiliza mbwa.

Lakini bega la mzee nalo lilimtia huruma. Ndipo akamshonea kijimto cha kuvaa ndani ya shati, akakijaza pamba ya shambani kwao. Sasa mkulima wa pamba ni mkulima wa pamba, mkono wake haujui kuweka kidogo. Aliishindilia kwa ngumi na goti, kama gunia la kwenda mizani.

“Mzee Masatu,” Shija akacheka kiwanjani, “umebeba mjukuu begani?”

“Nimebeba mke wangu. Wewe umebeba nani?”

Hata Afande Anuari, msimamizi wa kiwanja, alicheka akiwagawia vifaa vya kuziba masikio.

Shija akaanza. Bunduki ikanguruma, ikamsukuma nyuma, kofia ikaanguka kule. “Yalaa! Hii ni ng’ombe dume!” Risasi zake zote tatu zikatoboa pembeni mwa ubao, hata moja haikuingia kwenye duara.

Zamu ya Masatu. Akakoki, akaegesha kitako begani, akafyatua. Vumbi likaruka kwenye tuta, mbali na ubao. Akarudia. Vumbi tena.

“Mzee, imebaki moja,” Afande akasema. “Kunywa maji kwanza.”

Masatu akaja benchi alipokaa mkewe. Matrida alikuwa ameshaona. Kijimto kilikuwa kigumu, cha duara kama jiwe la kusagia, na kitako kilikuwa kinateleza juu yake kila mzee akifyatua. Akinyamaza tu, mume wake atalala nyumbani usiku huu na wote unaofuata. Na nani angejua?

“Mto wako mtamu, Mama Yakobo,” Masatu akasema, akimrudishia kikombe. “Hata sijaumia.”

Laiti angelalamika! Matrida akamshika mkono.

“Kaa hapa. Toa huo mto.”

Akakata uzi kwa meno, akachomoa pamba konzi kwa konzi, akaichambua kwa vidole mpaka ikawa laini, akarudisha kiasi tu.

“Mimi nilikuwaga najua pamba ikijaa ndo nzuri.”

“Kwenye mizani, ndiyo,” Masatu akacheka. “Mimi umeshanipima siku nyingi.”

Akarudi kwenye mstari. Safari hii kitako kilitulia begani kama kichwa cha mtoto aliyelala. Mlio ukapiga vilima, na ubaoni, katikati ya duara, tundu likaonekana. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Shija, huku anajisugua bega.

Masatu alikabidhiwa bunduki, akaja nayo akitabasamu kama bwana harusi. Matrida hakupiga kigelegele. Alimfunga kifungo cha shati, taratibu.

“Leo usiku nakuja na wewe. Nitashika tochi.”

“Utaogopa, mama.”

“Kuogopa naogopaga nikibaki nyumbani.”

Masatu akamtazama. Kisha akageuka.

“Afande,” akaita, “hivyo vya kuziba masikio, tunaweza kuazima na vya mke wangu?”