Kikohozi cha Mashine

Shuleni naitwa Redio. Cheo hicho sikukiomba, nilikipata kwa jasho la koo: naweza kuiga pikipiki ya mwalimu wa nidhamu ikipanda kilima, bweni zima likaruka vitandani na kushika vitabu. Likizo hii nilikileta kipaji hicho nyumbani.

Kwenye chumba cha uani ililala boti ndogo ya baba chini ya turubai, na mashine yake imening'inizwa kwenye ubao, tangu nikiwa chekechea. Mama alikitaka chumba kile kwa ajili ya cherehani yake, maana anashonea jikoni na nguo za wateja zinanuka vitunguu. Wakapatana mbele yangu: mashine ikionyesha uhai kabla ya Jumamosi, boti inabaki. La sivyo, aitwe mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Uhai gani?" mama aliuliza.

"Hata kukohoa tu," baba alijibu.

Tukaanza kazi. Baba aliwahamisha panya waliojenga ndani ya kifuniko, akafungua kabureta ambamo petroli ya kale ilikuwa imeganda kama gundi, akabadilisha plagi. Mimi nilipewa msasa na kulazwa chini ya boti nikwangue rangi. Ijumaa akaifunga mashine ubavuni mwa pipa la maji mlangoni mwa chumba, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya cha makaburini.

Sasa, baba alifanya kazi miaka mingi kwenye kinu cha kusaga, na masikio yake ni mazito. Kule chini ya boti, nilikokuwa bado nakwangua, ibilisi akaninong'oneza. Kamba ilipovutwa tena, nikakohoa: "Ptuh! Ptuh-ptrrr!"

Nilitarajia teke, kisha kicheko. Nilipochungulia, niliona miguu ya baba ikicheza.

"Mama watoto! Njoo! Imekohoa! Haki ya Mungu imekohoa!"

Mama alifika na futi ya kupimia nguo shingoni. Akaitazama mashine, akatazama soksi zangu zilizochomoza chini ya boti.

"Nimesikia," alisema, akarudi jikoni. Jioni mnunuzi wa vyuma akaambiwa asije.

Nilimkuta mama akikata kitambaa katikati ya sufuria.

"Mama, kuhusu ile mashine..."

"Nilikuzaa mimi, kikohozi chako nisikijue?"

Nilikosa pa kuuweka uso. "Mbona ulikubali, basi?"

"Tangu aachishwe kazi, umewahi kumwona akirukaruka vile? Haya, kanywe maji, koo lisikukauke."

Angenichapa, ningelala vizuri.

Asubuhi baba aliniita kwenye pipa. "Leo vuta wewe. Mikono ya vijana ina bahati."

Nilivuta mpaka bega likaniuma. Kimya. Baba akanipigapiga mgongoni.

"Usione haya, mwanangu. Hata mimi ilinigomea kwanza, ndipo ikakubali."

Hapo nikajiona nimevuliwa nguo sokoni.

"Baba, haikukubali. Ni mimi niliyekohoa."

"Unasemaje?"

Ndiyo adhabu ya kumfanyia mzaha mwenye masikio mazito: unaungama kwa kupiga kelele. "NI MIMI! NILIKUWA CHINI YA BOTI!" Jirani aliyekuwa akiimba huku anafua, akanyamaza.

Baba alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Mama yako anajua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hilo lilimwingia kuliko kikohozi chenyewe. Alitazama dirisha la jikoni, cherehani ikilia kule ndani, kisha akainama kulegeza skrubu zilizoshikilia mashine kwenye pipa.

"Makubaliano ni makubaliano," alisema. "Tuipeleke getini, yule wa vyuma aje aichukue. Halafu boti. Chumba kiwe kimefagiliwa kabla hajamaliza hiyo nguo."

Alichukua upande mzito. Katikati ya ua upande wangu uliniponyoka, na mimi nilikuwa tayari kutukanwa, nilitamani hata tusi moja. Baba alisimama tu, akiangalia getini, akingoja niinue tena.