Mwenzi wa Akiba

Kinyozi hajinyoi, na katibu wa Chama cha Briji cha Taifa hakuwa na mtu wa kucheza naye. Ukimsimulia mtu jambo hili atacheka, kwa sababu briji ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na kwa miaka kumi na moja kazi kubwa ya katibu huyu ilikuwa kumtafutia kila mwanachama mtu wa kukaa mkabala naye. Alikipokea chama kikiwa na klabu tatu na wazee arobaini walionuniana. Sasa klabu zilikuwa kumi na tisa na wanachama wamepita elfu moja.

Siri ya kukua huko haikuwa siri. Katibu aligundua kwamba mgeni anayekuja klabuni peke yake, akaambiwa "pole, wote hapa wana wenzao," harudi tena, na huko aendako anawaambia wengine kumi. Basi akatunga kanuni, akaichapa juu kabisa ya kila waraka: Njoo hata kama huna mwenzi, hutaondoka bila kucheza. Na ili kanuni isiwe maneno matupu, yeye mwenyewe akawa mchezaji wa akiba. Mtu akipungua, anakaa. Watu wakitimia, anasimama, anagawa karatasi za matokeo na kujaza birika la chai. Ndiyo maana wakamwita Akiba. "Akiba haiozi," walimtania, naye alicheka nao, ingawa kuna siku alijinusa.

Tatizo ni kwamba kadiri chama kilivyokua, ndivyo watu walivyotimia. Mwaka wa kwanza alicheza kila wiki. Mwaka uliopita alicheza mara nne. Mkewe, aliyekuwa mwenzi wake mezani na nyumbani, alifariki kabla ya hayo yote. Binti yao aliishi mbali na alipiga simu kila Jumapili.

"Baba, umewaoza watu elfu nzima kwa karata," alimwambia, "wewe umebaki na birika."

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, chenye kabati la chuma lisilofungika na mashine ya kuchapa iliyokohoa kila ukurasa wa tatu. Hapo ndipo ilipofika fomu ya Mashindano ya Taifa kutoka kwa nesi mmoja mstaafu, mwanachama mpya wa klabu ya mbali. Kwenye nafasi ya jina la mwenzi alikuwa ameandika: Sina. Kama hakuna, msihangaike.

Hilo "msihangaike" lilimkaa Akiba rohoni. Aliiweka fomu chini, akaenda dirishani, akarudi. Kisha akajaza jina lake mwenyewe.

Kuanzia wiki ile, kila siku saa moja jioni, walifanya mazoezi kwa simu. Akiba aligawa karata mezani, akamsomea Nesi kumi na tatu zake, akashika zake, kisha wakatajiana zabuni. Katika briji wenzi hawaruhusiwi kusemezana. Wana zabuni tu, yaani kutaja aina ya karata itakayokuwa turufu: pau moja, kopa mbili, na kadhalika; anayetangulia kuitaja ndiye atakayecheza, mwenzake akifunua zake mezani, na kila zabuni inaweza kupewa maana ambayo wawili hao wameafikiana, mradi wapinzani wakiuliza, mwenzi awaambie.

"Tuseme mkono wangu umejaa kopa," Nesi alisema siku moja. "Lakini kucheza mwenyewe naogopa. Nikikosea, meza nzima inanitazama mimi."

"Basi usizitaje. Sema pau nne. Nitajua huna habari na pau. Kopa nitazitaja mimi, nitacheza mimi, wewe utafunua karata zako mezani upumzike."

"Na hutasahau, kaka?"

"Nitasahau vipi, dada?"

Baada ya mazoezi waliongea kidogo, halafu kidogo kikawa kingi. Nesi alimsimulia wodi aliyoisimamia miaka thelathini, na jinsi ukimya wa nyumba ulivyomshinda alipostaafu. Akiba alimwambia mambo ya mkewe ambayo hata binti yake hakuyajua. Alinunua shati jipya. Alikuwa na furaha, na nalisema wazi kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kulisema.

Siku ya mashindano ukumbi wa chuo ulikuwa na meza arobaini, na watu mia moja na sitini kamili, yeye akiwemo. Mwenyekiti alikubali, kwa kulalamika, kuwa mwamuzi. Nesi alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Walishikana mikono wakasahau kuachiana.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, mwalimu mmoja akaingia na begi begani, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Hakuwa amejiandikisha. Mkononi alishika waraka wa chama.

"Mmeandika nije hata kama sina mwenzi," alisema. "Nimesafiri siku mbili."

Mwenyekiti alimvuta Akiba pembeni. "Mwambie aje mwakani. Wewe umesubiri miaka mingapi?"

Akiba aliutazama ule waraka. Sheria ni msumeno, na huu aliuchonga meno mwenyewe. Alimwona mwalimu akijifanya kusoma tangazo ukutani, kama wanavyofanya wote wanaosubiri kufukuzwa. Hao aliwajua kuliko mtu yeyote.

Akaenda kwa Nesi. "Dada, kuna mtu hana mwenzi."

Nesi alielewa kabla hajamaliza. Wauguzi wamezoea habari za namna hiyo. "Tulikubaliana, kaka."

"Tulikubaliana."

"Usingenizoesha," alisema, akachukua mkoba wake akaenda kukaa na mwalimu.

Mwenyekiti alimkabidhi Akiba kengele ya mwamuzi kwa furaha isiyofichika, naye akashinda akizunguka. Mchana, mkono ulinyooshwa meza ya kumi na saba: "Mwamuzi."

Alikuwa wakili, anayecheza na mkewe na kuuliza maswali kama yuko kazini. Nesi alikuwa ameanza kwa pau nne. Mwalimu, akidhani Nesi ana pau, alikuwa amepita, na wote wakapita. Sasa Nesi alipaswa kucheza pau iwe turufu, peke yake, meza nzima ikimtazama. Midomo yake ilikuwa imetaja kile ilichozoea kwenye simu.

"Nataka kujua maana ya pau nne," wakili alisema. "Namuuliza mwenzake, anasema hajui. Mtu hasemi pau nne bure."

"Sijui kweli," mwalimu alisema. "Tumekutana asubuhi."

Nesi hakumtazama mwalimu. Alimtazama Akiba. Kanuni za mchezo zilimkataza Nesi kufungua mdomo, na zilimkataza mwamuzi kufichua mkono wa mtu. Ukimtoa Nesi mwenyewe, katika ukumbi mzima mmoja tu alijua mkono ule umejaa nini, na alikuwa amesimama na kengele.

"Hakuna makubaliano yoyote kati ya wachezaji hawa wawili," Akiba alisema. "Endeleeni."

Ulikuwa uamuzi sahihi, hata wakili aliukubali. Nesi alipoteza vibaya, karata kwa karata, na Akiba alihamia meza nyingine kwa sababu hakuweza kutazama.

Wakati wa chai aliwakuta wamekaa pamoja. Nesi alikuwa akimweleza mwalimu pau nne, naye mwalimu akiandika nyuma ya waraka, akifurahi.

"Hii ni nzuri sana," alisema mwalimu. "Nani aliitunga?"

"Rafiki yangu," alisema Nesi. Kisha akamgeukia Akiba. "Mwalimu ameniomba tucheze wote mwakani. Anataka tufanye mazoezi kwa simu. Nimjibu nini?"

Nesi alisubiri. Ni haki kusema kwamba alisubiri muda wa kutosha, na kwamba birika lilikuwa limeshajaa.

"Mkubalie, dada," Akiba alisema. "Chama hukua hivyo hivyo."

Jumatatu alifungua ofisi kama kawaida. Barua ishirini zilikuwa zinasubiri, tatu za watu waliotaka kuanzisha klabu. Alizijibu zote. Ilipotimu saa moja jioni alikuwa ameshagawa karata mikono minne bila kufikiri, akaona ampigie, amuulize tu kama alifika salama. Simu ilikuwa inatumika. Akajaribu tena saa moja na robo. Bado inatumika.

Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu namba ile mwalimu alipewa na yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, kwenye kadi ya chama. Akafungua daftari la mwaka ujao, akawaandika wawili hao mstari mmoja, Nesi na Mwalimu. Kisha akachukua karata zilizokuwa upande wa Nesi, akazihesabu kopa, akazirudisha kwenye pakiti pamoja na zake.