Nimekusa...

...nimekusahau, ndivyo anavyoimba, nimekusahau, wazi kabisa, sauti safi kama imetoka kuoshwa, na mama mtu amesimama na pasi mkononi juu ya kola ya shati asijue aishushe au aiweke kando, maana miaka yote hii yeye ameimba nimekusamehe, ameimba akifua, akinyonyesha, ameimba kimoyomoyo hata msibani, na leo simu ya bintiye inamwambia alikosea... "Hebu urudishe hapo," anasema, na binti, aliyejilaza kwenye kochi, hainui uso, "Si umeshausikia, mama? Zimo chungu nzima humu," na keshahamia wimbo mwingine, na mwingine, anazionja kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, ncha ya ulimi tu, basi, wakati wao, mama mtu na dada yake, walikuwa na kaseti moja, na kabla ya kaseti walikuwa na ukuta, ukuta wa jirani yao fundi viatu aliyefungulia redio kila jioni, wakibandika masikio pale mpaka chokaa ikawabaki mashavuni, ndipo wakamsikia mwanamke yule, sauti ya mtu aliyetoka kulia na sasa anacheka, dada akambana mkono, "Huyu wetu," akasema, huyu wetu! na jina hawakulijua, wakambatiza Kwikwi kwa vile sauti ilivyomkatikakatika, wakamngoja redioni siku nenda siku rudi, wimbo ulikuwa ukingojwa kama mgeni, jamani, na ukija watu mnanyamaza... "Mama, mama mkubwa ameandika tena, nimwambie aje au asije?" mama mkubwa, yaani dada, dada huyo huyo aliyejinyima mpaka akainunua kaseti, wakaigombea siku hiyo hiyo, vuta nikuvute, utepe ukakatika, wakalia wote wawili, kisha dada akauunga kwa gundi ya karatasi, ulimi nje kama fundi saa, na pale kwenye kiungo neno likamezwa, nimekusa... halafu ngoma, nimekusa... halafu ngoma, kila mmoja akamalizia apendavyo na hawakuulizana, yeye alitia -mehe, na dada je, dada labda alitia -hau, kwani mama yao alipougua dada si alisahau kweli, yeye ni simu na pole, pole na simu, wa kumgeuza mgonjwa kitandani nani, wa kumlisha kwa kijiko nani, na siku ya maziko anatokea na miwani myeusi, udongo wa kaburi haujakauka anauliza kabati la vyombo atachukua nani, kabati! mdogo mtu akamwambia toka, dada akatoka, na tangu hapo huyu mdogo amewatambia majirani wote kwamba yeye alishasamehe zamani, hana kinyongo, ulimi hauna mfupa... "Mama! Aje au asije?" "Niwekee kwanza ule wimbo, mpaka mwisho," na binti anaguna lakini anauweka, na Kwikwi anaimba nimekusahau bila kusita, wimbo mzima mzima, hauna hata tundu la mtu kupenyeza neno lake, na hilo linamuuma kuliko alivyotarajia, anaitamani kaseti ile mbovu, maana kumbe Kwikwi hakumsamehe mtu, hakumfundisha mtu kusamehe, neno lile lilitoka kooni mwake yeye mwenyewe, siku ile ya kaseti, angali binti mdogo, hajakosewa na yeyote duniani ila na dada yake, na dada mwenyewe yuko pale sakafuni na gundi vidoleni, ndiye aliyekuwa akiimbiwa, ni nani mwingine... akaendelea kumwimbia miaka yote, kufua na kunyonyesha, dada hasikii, dada hajui, majirani ndio wanaojua, kuimba ameimba, kusema kwa watu amesema, lakini kumwambia mwenyewe, hata siku moja, na binti kainua kidole tayari kuhamia wimbo mwingine, "Sasa nimjibu nini?"

"Usimjibu," anasema. "Nipe hiyo simu, nitamwambia mwenyewe."