Kanga za Kisima

Balqis alikuwa na ugonjwa mmoja: akimpenda mtu, hawezi kumpenda kimyakimya. Ndiyo maana Doreen, mchoraji wa Kiaborijini kutoka jangwa la Australia, alipokuja kuonyesha kazi zake mtaani kwao Madinat Sultan Qaboos, Balqis alimchapishia kanga. Aliuchukua mchoro wake mkubwa, wa vitone vyekundu na vyeupe vinavyozunguka kisima, akautia katikati ya kitambaa, akawagawia jamaa zake wote wa kike wavae sare asubuhi ya ufunguzi. Kwa watu wa asili ya Unguja kama yeye, mgeni haheshimiwi zaidi ya hapo.

Doreen akaingia ukumbini, akamwona shangazi Mahfoudha kajifunga kanga kiunoni, kisima kimemkaa makalioni, naye anajiweka kitini. Tabasamu lake likafutika.

"Nani amekupa ruhusa?" alimuuliza Balqis kwa sauti ya chini.

"Ni zawadi. Nilitaka ufurahi."

Doreen akamweleza taratibu kwamba kile si pambo. Ni kisima cha ukoo wa mama yake, na hadithi yake ina wenyewe. Hata yeye hakichori mpaka dada yake mkubwa, mlinzi wa hadithi hiyo, akubali. Naye alikubali kitundikwe ukutani tu. Sasa huenda akamkataza asikichore tena maisha yake yote.

Balqis alitamani ardhi ipasuke immeze. Shangazi, ambaye Kiingereza anakijua ila hujitia hakijui, aliifungua kanga yake papo hapo, akaikunja vizuri, kisha akawazungukia wanawake wengine akizikusanya, kila aliyenung'unika akakatwa jicho.

Doreen akampigia dada yake, akazungumza lugha ya kwao huku analia. Balqis akaomba simu. "Kosa ni langu, si lake. Naomba radhi."

Sauti ya kizee ikamjibu: "Hatakichora, mpaka mwenye kosa aje akae nasi kisimani, atuambie kwa kinywa chake."

Balqis akamgeukia shangazi, uso umemshuka. "Wananiita huko huko kwao."

"Ah, mwanangu, hata kwetu radhi haiombwi kwa simu. Nnakwenda na wewe."

"Hujaelewa," Doreen akamwambia Balqis, akimshika mkono. "Pale kisimani wageni hawafikishwi. Mume wangu mwenyewe hajapaona, na wewe umeitwa ukae nasi."

Balqis, ambaye mpaka hapo alikuwa amejikaza, akalia.