Swali la Tisa

Maswali yalikuwa tisa. Mimi sikuvuka darasa la tatu, kwa hiyo sikuyajua kwa kuyasoma. Niliyajua kwa zamu yake, kama mtu anavyojua ngazi za nyumba aliyoizoea hata taa zikizimika. La kwanza, je, mgonjwa wako anakosa usingizi? La pili, je, amesusa chakula? La tatu, kuoga. Yanakwenda hivyo taratibu, kama yanakubembeleza, mpaka la nane ambalo ni kama anajitenga na watu. Halafu la tisa: je, kwa unavyomwona wewe, anafikiria kujidhuru?

Nilikuwa nikijibu hapana mara tisa. Wakati mwingine nilijibu kabla dada wa fomu, yule wa hospitali anayejaza majibu, hajamaliza kuuliza, na yeye anacheka, ananiita Mzee Hapana. Alikuwa binti mzuri, mwenye adabu zake, ila mshahara wake ulitoka kwa wakubwa wa hospitali.

Niseme jambo lenyewe. Nina mtoto mmoja, wa kike, tulimwita Kasuku tangu ana miaka mitatu kwa sababu alikuwa haachi kuongea hata akiwa amelala. Mama yake alipofariki, Kasuku akanyamaza. Akaacha cherehani, akaacha wenzake, akawa mtu wa kukaa kitandani ameukumbatia mto. Zahanati wakasema ni sonona, wakatupeleka hospitali kubwa, na huko tukakuta utafiti wa dawa mpya. Nusu ya wagonjwa wanapewa dawa yenyewe, nusu wanapewa vidonge vya unga mtupu wenye rangi ile ile, na hakuna anayejua nani kapewa nini. Mgonjwa hajui, dada wa fomu hajui, hata daktari hajui. Chupa ina namba tu, na siri ya namba iko kwenye kompyuta mahali pengine. Nikamuuliza dada, kwa hiyo humu ndani hakuna hata mmoja anayejua anachofanya? Alicheka. Alidhani namtania.

Ndugu wa mgonjwa naye anaulizwa, kwa sababu wanasema wagonjwa huficha. Walituambia wazi: ukijibu ndiyo kwenye la tisa, mgonjwa anatolewa kwenye utafiti na kulazwa wodi namba nne siku hiyo hiyo.

Wodi namba nne ndiko alikofia mama yake Kasuku.

Wakati ule pia niliulizwa swali hilo hilo, kuhusu mke wangu. Daktari mwenye kalamu tatu mfukoni aliniuliza nami nikajibu ndiyo, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli. Wakamchukua mke wangu mchana ule ule. Siku ya sita akaanza kuharisha. Siku ya nane midomo ilikuwa imepasuka kwa kukauka, nikaomba awekewe maji ya mshipa, nesi wa zamu akasema anajifanya ili arudishwe nyumbani. Siku ya tisa wakaniita. Wakubwa wakaniambia moyo ulisimama. Nikawauliza, maiti gani ambayo moyo wake haujasimama? Nikapewa karatasi ya kutia saini.

Basi nikiulizwa la tisa nilikuwa naiona ile milango miwili ya bati iliyopakwa kijani, na ulimi unasema hapana wenyewe.

Majibu yangu yaliwafurahisha. Mwanzo tulikuwa tunapewa chupa ya siku saba. Baada ya miezi miwili ya hapana, tukapandishwa daraja, tukawa tunapewa ya siku thelathini. Kila tukirudi, dada alimwaga vidonge vilivyobaki kwenye sinia dogo, akavihesabu kwa kisu cha plastiki, na kila mara hesabu ilikuwa sawasawa. Alimwita mwenzake aje aone. Akasema walezi wote wangekuwa kama mimi kazi ingekuwa rahisi. Nami nikavimba kichwa, sitaficha. Wiki za mwanzo nilikuwa nasimama pale Kasuku akimeza. Baadaye nikawa naona anatia mdomoni anatoka uani kunywa maji, nikaona inatosha. Nina kazi zangu. Mimi ni fundi wa viti, nashona makochi na magodoro, na sofa la mtu halijishoni.

Siku moja kabla ya kwenda kwenye maswali, jua lilikuwa kali, nikatoa matandiko yote kuyaanika ukutani. Kasuku alikuwa anaoga. Nikaushika ule mto wake, ambao niliushona kwa mikono yangu, na kidole gumba kikakwama.

Kwenye kona ya chini palikuwa na mshono usio wangu.

Mimi nashona mshono wa kuficha, uzi hauonekani. Huu ulikuwa mshono wa kurudi nyuma, hatua moja mbele nusu hatua nyuma, mfupi mfupi, umekazwa sana. Hivyo alikuwa akishona marehemu. Niliuona nikasisimka mwili mzima, nikageuka nyuma kabisa kuangalia kama kuna mtu. Kisha akili ikanirudia. Mama yake ndiye aliyemfundisha Kasuku kushika sindano.

Nikafumua kwa wembe. Ndani ya sponji palikuwa na kitambaa kimefungwa fundo, na ndani ya kitambaa vidonge. Nikakaa chini pale pale kwenye saruji nikavihesabu juu ya goti. Arobaini na saba.

Mtu asiyetaka dawa huitupa chooni. Hilo hata mjinga analijua. Anayeiweka, akaifunga, akaishonea mahali anapolaza kichwa, huyo ana siku yake anayoingojea. Na siku yenyewe sikujua kama ni mwezi ujao au ni leo akishamaliza kuoga. Nilisikia maji yanamwagika bafuni, yakanyamaza, yakamwagika tena.

Na kingine kikanijia. Vile vidonge arobaini na saba ama vilikuwa dawa ya kumuua mtu, ama vilikuwa unga wa kumkohoza tu, na katika dunia hii hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Nikavitia kwenye kopo langu la pini. Kisha, kwa hofu, nikafanya jambo la kitoto. Nilichukua vifungo vidogo vya sofa, nikavifunga kwenye kile kitambaa, nikavirudisha ndani ya mto, nikashona kwa kurudi nyuma, nikijitahidi kuuiga mkono wa mke wangu. Jasho lilinidondokea machoni. Kasuku alipotoka bafuni mto ulikuwa juani na mimi napiga nyundo kochi la watu, nimekosa msumari nimejipiga kidole.

Nilitaka iishie hapo. Vidonge ninavyo mimi, wasijue, tusiende kokote. Niliwaza hivyo mpaka asubuhi, na asubuhi tukaenda, kwa sababu usipotokea wanakupigia simu, na wakikupigia wanaanza kuuliza.

Siku ile chumba cha wagonjwa kilikuwa kinapakwa rangi, kwa hiyo wakatuweka mimi na Kasuku chumba kimoja, meza moja. Yeye alikuwa ameshaulizwa ya kwake koridoni na ameshajibu hapana zake. Alikaa ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya mtandio. Kopo la pini lilikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu na kila nikihema lilikuwa linalia.

Dada akamwaga chupa kwenye sinia, akahesabu, akatabasamu. Sawasawa. Akasema ana habari njema. Wakubwa wamepitia majina, na sisi tumo katika wachache wanaoaminiwa. Tangu leo tutapewa chupa ya siku tisini ili tusisumbuke na safari. Ilikuwa tayari mezani, kubwa kama kikombe cha chai, imejaa mpaka kizibo.

Tisini. Nilitazama ile chupa nikatamani niitupe dirishani. Ni mimi niliyeileta pale. Kila hapana yangu iliongeza kidonge ndani yake.

Akaanza kuuliza. La kwanza nikasema hapana kwa mazoea. La pili hapana. La tatu, la nne, ulimi unateleza. Nilijaribu kuusimamisha kwenye la tano, haukusimama. Kwenye la nane alikuwa ameshaweka alama bila kuningoja, na kwenye la tisa kalamu yake ilikuwa tayari juu ya kisanduku.

Nikanyamaza.

Akainua macho. Akasema, "Mzee Hapana leo umelala?"

Nilikuwa naiona milango ya kijani, namwona mke wangu na midomo yake. Nikamgeukia Kasuku, na nikakuta naye ameniinulia macho, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja, kama mtu aliyesimama mlangoni anangoja kufunguliwa.

"Ndiyo," nikasema.

Dada hakuelewa. Akaniuliza ndiyo nini, ndiyo nimelala? Nikatoa kopo la pini nikaliweka kando ya ile chupa, nikalifungua. Nikamwambia hayo ndiyo majibu yangu yote ya miezi mitano, ahesabu kwa kisu chake.

Alivihesabu kweli, maskini, kimoja kimoja. Nikamuuliza kitu kimoja tu. Ni dawa au ni unga? Akasema hajui. Akapiga simu. Akaja daktari mkuu wa utafiti, mtu mrefu mwenye viatu visivyolia. Nikamuuliza na yeye. Akasema ataomba siri ya namba ifunguliwe, jibu litakuja. Alitazama fomu, akatazama kopo, akavuta kiti akakaa. Akasema nimewaharibia mambo mengi, lakini hilo tuliache, kubwa ni kwamba mtoto angekufa mikononi mwangu. "Ungesema mapema, mzee."

"Nilishasema mapema," nikamwambia. "Mara moja. Mlimchukua mama yake."

Nikamwambia yote, wodi, siku tisa, maji ya mshipa. Nikamwambia wamepanga maswali tisa, manane yana karatasi nyuma yake na moja lina kaburi, halafu wanashangaa watu wanadanganya. Sikupiga kelele. Nilitaka, lakini sauti haikuwapo. Dada wa fomu alikuwa analia kimya kimya, anajifuta kwa mkono wa koti lake jeupe.

Daktari alisema hawezi kumrudisha mke wangu na hawezi kubadilisha wodi. Nikamjibu sikumwomba hayo. Namwomba kiti. Kiti kimoja, ndani ya wodi, karibu na kitanda, kila siku tangu wanapofungua mpaka wanapofunga, na nikisema mtoto ana kiu apewe maji bila kuulizwa kama anajifanya. Akasema haiko katika utaratibu. Nikamwambia utaratibu wao ninaujua, niliuzika mwenyewe. Alitoka nje kuongea na nesi mkuu. Alirudi akasema sawa, ila kiti nitafute mwenyewe. Nikamwambia hilo lisimsumbue, viti ndiyo kazi yangu.

Tulivuka ua sisi wanne, mimi, Kasuku, nesi aliyetumwa na dada wa fomu aliyekataa kubaki. Nimeshawahi kutembea umbali ule. Miguu ilikuwa inakumbuka kabla yangu. Milango imepakwa rangi upya, kijani kile kile. Harufu ile ile ya dawa ya sakafu. Nilijua dirisha la tatu kushoto ni la nani, nikaliangalia, pana mtu mwingine amelala pale.

Kasuku alinishika mkono wa shati. Alisema kwa sauti ndogo, iliyokwaruza kwa kukaa bila kutumiwa, "Baba, mama alikuwa hafungi uzi mwishoni hivyo."

Nikasimama.

Akasema alijua tangu alipolaza kichwa jana. Vifungo vilimchoma sikioni. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia. Alisema alitaka kuona leo nitajibu nini.

Sikumuuliza kama ningejibu hapana angefanya nini. Niliogopa, na bado naogopa. Jibu la siri ya namba lilikuja wiki ile kwenye bahasha yenye jina langu, na nikamwambia dada akae nayo, asinisomee. Ikiwa ni unga, watasema niliogopa bure. Ikiwa ni dawa, sitalala tena.

Siku ile, mlangoni palikuwa na mlinzi na sanduku la mbao. Akasema vyenye ncha vyote humo. Nikageuza ukosi wa shati, nikachomoa sindano yangu iliyopinda, ile ninayotembea nayo tangu nilipokuwa mwanafunzi wa fundi, nikampa. Kasuku alikuwa ameshaingia, nesi anamwonyesha kitanda, naye anageuka kila hatua kunitafuta.

Mlinzi akaniambia nisiwe na wasiwasi, nitarudishiwa nikiondoka.

Nikamwambia basi akae nayo mpaka nitoke na mwanangu.