Joho Lenye Midomo

Mtawala yule alikuwa mchawi, na jambo hilo halikuwa siri, kwa sababu ushahidi alikuwa ameuvaa. Kila aliyemtukana alishonwa kwenye joho lake: mtu mzima, na viatu vyake, anageuka pambo la uzi lisilozidi kiganja. Mbele yake watu walimwita Mtukufu. Nyuma yake walimwita Bwana Joho, lakini kwa kunong'ona, maana mabegani bado palikuwa na nafasi.

Katika ushonaji wake alikuwa na kawaida moja. Alianzia miguuni na kumalizia mdomoni, ili mtu apate muda wa kuomba msamaha. Hakuna aliyeomba. Mtu akishaona magoti yake yamekwenda, haoni tena sababu ya kubana matumizi, basi wote walimalizia matusi waliyokuwa wameyaweka akiba.

Uzeeni akataka kutubu. Wapo wanaosema moyo ulimlainika. Wapo wanaosema joho lilimwelemea, akawa anatembea kama mtu aliyebeba godoro lililoloa. Mimi sichagui upande. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja aliingia kwa fundi cherehani wa karibu na soko, bila walinzi, akaliweka joho mezani, na meza ikalia.

Fundi alikuwa mama mwenye mvi, na alikuwa na sababu ya kulijua joho lile. Mdogo wake alikuwa ndani yake, sehemu ya nyuma, pale pa kukalia.

"Nataka wafumuliwe wote," alisema Mtukufu.

"Umeshona mwenyewe, halafu unaniletea mimi?"

"Macho yamechoka. Wewe nitafutie ncha za uzi. Kuvuta nitavuta mwenyewe, uchawi haukubali mkono mwingine."

"Na sharti?"

"Mpaka uzi wa mtu utoke wote, nisimjibu hata neno. Nikimjibu, uzi unarudi na kujikaza, na hapo haufumuki tena milele."

"Sharti hilo aliliweka nani?"

"Mimi," alisema Mtukufu. "Nilikuwa kijana."

Fundi alitamani kuanza na mdogo wake. Lakini akafikiri vizuri, akaona afadhali wajaribu kwanza kwa mtu asiye ndugu. Akamchagua kinyozi, aliyekuwa kwenye ukosi, akaipata ncha kwa wembe.

Mtukufu akavuta. Mdomo wa kinyozi ukatokeza na kuendelea pale ulipokatizwa.

"...na hayo masikio kama vishikio vya sufuria!"

Mtukufu alinyamaza. Akavuta shingo, akavuta kifua. Kinyozi alimsema pua, akamsema mwendo, akamsema anavyokula. Walipofika kitovuni, kinyozi akahamia kwa mama yake mtawala.

"Mama yangu mwache!" alifoka Mtukufu.

Uzi ulirudi kwa mlio wa mjeledi. Penye kinyozi palibaki fundo dogo. Fundi alilipapasa kwa ukucha. Lilikuwa gumu kama punje ya mahindi makavu.

"Mke wake nitamwambia nini?" aliuliza fundi.

"Nitamwambia mimi," alisema Mtukufu.

"Utamwambia. Sasa nisikilize, baba. Mdogo wangu alikuwa akiuza vyungu sokoni, na watu walikuwa wananunua ili anyamaze. Kinyozi kwake ni mtoto anayejifunza kuongea. Na mimi sina mdogo mwingine."

"Nitauma ulimi."

"Uume mpaka utoke damu."

Akaligeuza joho, akaitafuta ncha. Mtukufu akakaza taya, akavuta.

"...mtoto wa nguruwe wewe!" ulisema mdomo wa mdogo mtu. Kisha yakatoka macho, akatazama huku na huku. "Dada? Mvi hizo umezitoa wapi?"

"Kaa kimya, msichana wewe, usizungumze," alisema fundi.

"Nani anyamaze?" Akainua macho. Mtu aliyemshona alikuwa na ndevu nyeusi na shingo ya fahali. Huyu aliyeinama mbele yake alikuwa kikongwe, machozi yakimtiririka kwa kukodolea uzi. "Jamani, babu wa watu! Shikamoo, babu. Pole. Kazi ya macho hivi, wamekosa kijana wa kumpa?"

Kwa matusi Mtukufu alikuwa amejiandaa. Kwa hili hakujiandaa. Watu walikuwa wakimwangukia kifudifudi miaka mingi, lakini shikamoo ya hivi hivi, ya njiani, alikuwa ameisahau. Na salamu ile mtu hufundishwa kuiitikia kabla hajajua kufunga vifungo. Midomo yake ilifunguka yenyewe.

Fundi akaiona sauti inakuja. Aliinama chini ya cherehani, akazoa mabaki ya vitambaa, akamshindilia mtawala mdomoni, yote, mpaka mashavu yakavimba.

"Dada! Babu wa watu unamlisha matambara?"

"Ana njaa. Mwache."

"Na salamu yangu hajaitikia."

"Kwani huoni mdomo umejaa?"

Mtukufu akavuta. Yakatoka mabega, ikatoka mikono, kikatoka kiuno. Mdogo mtu aliongea muda wote. Alimlaani Bwana Joho na ukoo wake, na kila akipumzika alimgeukia mzee: "Wewe babu ndiye ungetutawala. Mtu mpole, anafanya kazi na watu." Mtukufu alitafuna matambara na kulia, na safari hii haikuwa kwa sababu ya uzi.

Kidole cha mwisho kikatoka. Uzi ukaanguka sakafuni, na mdogo mtu akasimama juu ya miguu yake, kiatu kimoja hakipo. Fundi akamkumbatia, akamshika masikio, akamshika tena, kama anayekagua nguo mpya.

Mtukufu akatoa matambara mdomoni.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyo ndiye Bwana Joho," alisema fundi.

Mdogo mtu alilitazama joho, akaitazama mikono ya mzee. Hakutukana. Labda yalikuwa yamemwishia.

"Nirudishie shikamoo yangu."

Mtukufu alimtazama. Nyuma ya joho sasa palikuwa na nafasi ya mtu, na sindano zilikuwa mezani, karibu na mkono wake.

Akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alimwambia msichana wa umri wa mjukuu wake.

Msichana akakunja mikono kifuani. Hakuitikia. Yeye hakuwa na sharti lolote la kunyamaza, alinyamaza kwa kutaka.

Mtukufu alisubiri kidogo. Halafu akaketi, akavuta magotini mkono wa joho, penye mtu wa kufuata, akamgeukia fundi na kufungua mdomo, atiliwe matambara.