Kibao cha Mti wa Kumi na Tisa

Kazi yangu katika shamba la utafiti, kule upande wa Carama, ilikuwa kumwagilia miche na kutunza vibao vya majina kwenye miti ya avoka, yaani maparachichi. Miti ilikuwa thelathini, kila mmoja wa aina yake, ukitunzwa hapo ili aina hizo zisipotee. Mimi niliachia shule darasa la tatu, na majina yale marefu yalinishinda. Niliijua miti kwa pua: nafikicha jani, nanusa, najua nimefika wapi.

Masika ya mwaka sitini na nane upepo ulichukua kibao cha mti wa kumi na tisa. Niliona haya kuuliza jina lake. Nikanakili kibao cha jirani yake, wa kumi na nane, nikakifunga, nikanyamaza.

Kumbe mchwa walikuwa wamekula daftari la shamba. Kiangazi Bwana Sylvère, agronomu wetu, mtaalamu wa kilimo, akaanza daftari jipya kwa kusoma vibao. Akakuta miti miwili yenye jina moja, na matunda ya kuitofautisha hakuna. Akasema wa kumi na tisa ukatwe, nafasi inahitajika. Papa Birindwa, mkuu wa bustani, akanoa shoka.

Nikisema, labda nifukuzwe. Nikinyamaza, aina nzima imekwisha kwa sababu ya haya yangu. Nilichuma jani moja la kila mmoja wa miti hiyo miwili, nikayafikicha, nikamnyooshea Bwana Sylvère mikono yote miwili.

“Huyu mutoto haongeaka mwaka muzima,” alisema Papa Birindwa. “Leo anakulisha majani.”

Bwana Sylvère alinusa mkono wa kwanza, akapita. Wa pili aliurudia mara tatu.

“Ni chai ya Moza,” nilisema. Moza, mwenye duka mbele ya geti, alikuwa akitutilia bizari tamu kwenye chai, na jani la wa kumi na tisa lilinukia vivyo hivyo. “Kibao ni mi niliandika, Bwana. Nilikopia ya jirani.”

Alifungua daftari lake. “Na ile miti ingine, unaijua vilevile na pua?”

Tulizunguka hadi saa sita, mimi nanusa na kueleza harufu, yeye analinganisha na jina la kibao, anaandika. Vibao viwili vingine vilikuwa vimekosewa, na hivyo havikuwa vyangu. Jina la ule wa kumi na tisa halikupatikana, akaandika “Chai ya Moza”. Kisha tukakata vijiti vyake, tukaviunga kwenye miche sita ili aina hiyo iendelee.

Papa Birindwa alinung'unika kwamba amenoa shoka bure, akavuka barabara kumpasulia Moza kuni.